Mwaka Tuliofika Zuhura

Barua ya kwanza sikuijibu. Ya pili niliikata nikafanyia kipimo cha kola, maana karatasi za kukatia nguo zimeadimika kama kila kitu. Ya tatu aliileta Onesphory mwenyewe, akatembea nayo kutoka dukani kwake mpaka barazani kwangu Mtaa wa Mchikichi, akasimama mbele ya cherehani anatweta na kunizibia mwanga.

"Mama Klara, soma hii."

"Nimechoka, Onesphory. Isome wewe, na usogee kidogo, sioni sindano."

Hakusogea. Mtu aliyewahi kuwa nahodha hasogei. Akafungua barua akaisoma kwa ile sauti yake ya redioni, mpaka wapita njia wakageuka. Watu wa televisheni ya Unguja walikuwa wanataka kutengeneza filamu kuhusu mchezo wetu wa zamani wa redio, na walitaka kutukutanisha sisi tuliobaki.

Kwa asiyejua, mwaka sitini na nane tulikuwa na mchezo redioni uitwao "Kijiji cha Zuhura". Kila Ijumaa jioni, nusu saa. Watanzania kumi na wawili wanapanda chombo, wanaruka mpaka kwenye nyota ya Zuhura, wanaanzisha kijiji cha ujamaa huko huko. Wanalima pamoja, wanakula pamoja, wakikorofishana wanakaa kikao. Usinicheke. Mji mzima ulikuwa unatega sikio. Wachukuzi wa sokoni walikuwa wanatua mizigo wasikilize, na mimi nikipita Msimbazi watoto wananifuata nyuma wanaigiza sauti yangu. Onesphory ndiye aliyekuwa nahodha, na mimi ndiye niliyekuwa Sauti ya Chombo. Kila sehemu ilianza na mimi: "Hii ni Sauti ya Chombo. Mwaka ni elfu moja mia tisa themanini na tatu. Maji yapo. Chakula kipo. Watu wote wapo."

Themanini na tatu! Wakati ule ulikuwa mwaka wa mbali kabisa, tuliutamka kama mtu anavyotaja peponi. Basi ndiyo huu. Nimeufikia nikiwa na miaka arobaini na saba na mgongo mbovu, uzi mweusi haupatikani mjini kwa hiyo kila nguo naishona kwa uzi wa kijani, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka kupanga foleni ya sukari saa tatu nzima nikaambiwa imeisha.

"Waambie sitaki," nikasema. "Wanitazame ili iweje? Na huku bara televisheni hatuna. Watatuona Waunguja peke yao, wacheke."

"Bado sijamaliza," Onesphory akasema, na sauti ya nahodha ikamwisha. "Kuna mstari wa mwisho. Wanasema ghalani kwao wamepata kanda moja ya mchezo. Sehemu ya kumi na nne. Na wanasema imo sauti ya mtoto Klara."

Niliacha kukanyaga cherehani.

Klara alikuwa binti yangu, na sikuwa na mwingine. Alikuwa na miaka sita. Kwenye mchezo yeye ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa Zuhura, na kwa sababu mwandishi alitaka awe mtoto wa ajabu, alizaliwa sehemu ya nane na sehemu ya tisa akawa anaongea. Alikufa mwaka ule ule, kifua. Baba yake alirudi Rombo baada ya mazishi, akanyamaza huko moja kwa moja. Watu wameendelea kuniita Mama Klara, miaka kumi na tano sasa, na mimi naitika.

Nitasema ukweli, maana hakuna wa kunizuia. Sauti yake nilikuwa nimeisahau. Uso ninao, kuna picha moja amevaa gauni la mikono ya puto. Lakini sauti ilinitoka kidogo kidogo. Nikilala najaribu kuisikia, inakuja ya mtoto wa jirani. Kanda zetu zote redioni zilifutwa zikarekodiwa mambo mengine. Hakuna aliyekosa, kanda zilikuwa chache na kazi ndivyo ilivyokuwa. Mimi mwenyewe nilikwenda kuuliza mwaka wa sabini, wakanionyesha rafu ndefu, wakasema, mama, humo sasa yamo mafunzo ya kilimo cha pamba.

"Waambie nitakuja," nikamwambia Onesphory. "Na sasa sogea."

*

Walikuja siku ya Jumanne asubuhi, na walipoingia tu mtaani vurugu ikaanza. Mwaka huu, kama hujui, kuna msako. Maofisa wanashuka kwenye magari, wanaingia madukani, mwenye duka akikutwa ameficha sabuni anaondoka nao. Sasa fikiria Landrova inasimama Kariakoo katikati, wanashuka watu watatu wageni wamebeba masanduku ya bati, mmoja ana daftari mkononi. Mtu akapiga kelele, "Wamekuja!" Milango ikafungwa kwa mkupuo, kuanzia kona mpaka kona. Muuza vikombe alikimbia akaviacha vikombe.

Na aliyefunga wa kwanza alikuwa Onesphory! Yeye aliyewaandikia, yeye aliyewaelekeza dukani kwake, yeye aliyesubiri na shati lililopigwa pasi. Aliposikia kelele akasahau yote. Niliwakuta wageni wamesimama nje wanagonga, na mkuu wao, binti mwembamba wa Kiunguja aitwaye Sitara, ananitazama kwa wasiwasi.

"Shikamoo, Bi Celina. Tumewakosea nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hamjakosea kitu. Mmeshuka na masanduku, basi."

Nilipiga mlango kwa kiatu. "Nahodha! Fungua, ni televisheni!" Wapi! "Onesphory, nitataja jina la ukoo wako hapa barabarani!" Ndipo akafungua, jasho linamtiririka, nyuma yake katoni tatu kazifunika gunia na juu ya gunia kaweka picha ya Bikira Maria. Sitara alikuwa mtu wa adabu, alijifanya hajaona. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sikuwa nimecheka tangu Pasaka.

Dukani hatukuweza tena kukaa. Tukahamia uani kwa Sabaha, Mtaa wa Narung'ombe, ambako Uwesu alikuwa ameshafika anatusubiri. Hawa wawili lazima niwaseme. Sabaha alicheza mkunga wa kijiji, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwa kila mtu. Kuku, mzee wa kikohozi, mke mwenye wivu, mbuzi, yote yalitoka kwenye koo lile moja. Sasa ni mjane, anauza maandazi siku unga unapopatikana. Uwesu, mtu wa Lindi, hakuwahi kutamka neno hata moja kwenye mchezo. Yeye alikuwa mtu wa milio. Upepo wa Zuhura ulikuwa mchele kwenye ungo. Nyayo zetu zilikuwa makumbi ya nazi, na chombo kilipopaa, lilikuwa jiko la mafuta la kupampu, limepampwa kwa nguvu zote, kipaza sauti kimesogezwa karibu. Siku hizi anatengeneza redio mbovu na hasikii vizuri sikio la kushoto.

Shomari, fundi wa sauti aliyekuja na Sitara, kijana mpole mwenye vidole virefu, alitandaza mashine yake ya kanda juu ya kinu kilichogeuzwa. "Bi Sabaha, umeme upo?"

"Tangu jana hamna, mwanangu."

"Basi nitatumia betri. Ninazo hizi hizi tu, na mashine hii moja ndiyo ya kunasia na ndiyo ya kuchezea kanda. Tuzitumie kwa akili."

Wakaanza. Sitara akamwomba Uwesu arushe chombo. Uwesu akanyanyua jiko, akalitikisa, akatabasamu kwa uchungu. "Mafuta ya taa hamna. Chombo hakipai."

"Loo," akasema Onesphory, "kweli tumefika themanini na tatu."

Sabaha aliingia ndani akarudi na kikombe nusu, mafuta aliyokuwa ameyaficha chini ya kitanda, na akayamimina. Uwesu akapampu. Moto ukanguruma, na nakuambia, sisi watu wazima wanne pale uani migongo ilitunyooka yenyewe. Moshi ukamwingia Shomari akakohoa. "Pole," tukasema wote kwa pamoja, hata mpiga picha nyuma ya kamera.

Kisha Sitara akanigeukia. "Bi Celina, wewe nitakuhoji mwisho, peke yako. Filamu nzima nimeijenga juu yako. Nilikuwa na miaka minane nikikusikiliza, nilidhani unakaa ndani ya redio yetu. Lakini kwanza nataka msikilize kanda, na mimi niwapige picha mkisikiliza."

Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha kanisani. Nilishika ncha yake kwa mikono miwili. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nauona kwenye kitambaa.

Kanda ikazunguka. Kwanza mchele wa Uwesu kwenye ungo, shaa, shaa. Kisha Onesphory, kijana, sauti ya kuyeyusha watu moyo, anaamuru mlango ufunguliwe. Kisha mtoto.

"Nahodha, mbona huku hakuna mwezi?"

Onesphory akafunika uso. Uwesu akatoa leso. Mpiga picha akanisogelea na kamera mpaka nikasikia inavyonguruma. Na mimi nilikaa mkavu kama ubao, kwa sababu yule hakuwa mwanangu.

Uso wake niliusahau lini? Sijausahau. Sauti nilisema nimeisahau, lakini kumbe kuna mahali mwilini inakaa, na mahali hapo palisema hapana. Mtoto yule alikuwa mzuri mno. Alimaliza maneno yake yote. Klara alikuwa anakata neno la mwisho, kila mara, mwandishi alikuwa anamgombeza.

Nikamtazama Sabaha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja upindo wa kanga.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi, Mama Klara." Hakuinua macho. "Astaghfirullah, sikujua kama ni ile. Sehemu ya kumi na nne. Siku ile Klara alikuwa anaumwa, wakaniambia mimi nimsemee. Nisamehe."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Sikumkasirikia Sabaha, kakosa nini Sabaha? Niliikasirikia kanda, na Unguja yote, na rafu ile ya pamba, na mimi mwenyewe kwa kuvaa kitenge cha kanisani. Miaka kumi na tano nimejikaza. Halafu mtu anakuandikia mstari mmoja na wewe unaamini! Nilikwisha kushika mkoba niondoke. Nilikuwa nimechoka, nimechoka kweli, uchovu wa kutaka kulala nisiamshwe na mtu. Sitara alikuwa anasema kitu, anaomba radhi, sikumsikia.

Kanda ilikuwa bado inazunguka, hakuna aliyeizima. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, ya mwanamke wa miaka thelathini na mbili ambaye bado ana kila kitu.

"Hii ni Sauti ya Chombo. Maji yapo. Chakula kipo. Watu wote wapo."

Na hapo hapo nyuma yake, mbali kidogo, mtu akakohoa. Mara mbili. Kikohozi kidogo, chembamba, mwishoni kikakatwa kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Samahanini sana," Shomari akasema, akabonyeza. "Pale pana kelele imeingia. Nikifika Unguja nitaikata, patakuwa safi."

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wa Sabaha wakaruka ukuta. Shomari akaondoa mkono kwenye mashine kama ameungua.

Siku ile masika yalikuwa yamemwagika. Tulikuwa tunakaa Jangwani, bondeni, na maji yalikuwa yameingia chumbani mpaka miguu ya kitanda. Klara ana homa, sina wa kumwachia. Nilimfunga kanga nikapanda naye mpaka studio, nikamlaza chini ya meza ya Uwesu, katikati ya makumbi na mabati. Nikamwambia, taa nyekundu ikiwaka, usipumue. Ilikuwa kanda ya mwisho waliyokuwa nayo wiki ile, ya kurudia haikuwepo. Nimefika kwenye "watu wote wapo," akakohoa. Uwesu alinikata jicho. Nikainama nikamziba mdomo na kanga, na tulipomaliza nilimfinya. Hapa, juu ya mkono. Nikamwambia, umetuharibia kazi.

Mtu akikohoa unampa pole, hata humjui, hata ni adui yako. Mimi mtoto wangu nilimfinya. Alikufa siku ya tisa.

Haya yote nilimwambia Sitara pale pale, nimesimama, na sijui kama kamera ilikuwa inazunguka. Uwesu alikuwa ametega sikio lake zima. "Kikohozi kile nakijua," akasema taratibu. "Mimi ndiye mtu wa milio. Nilitaka kukikata siku ile, kisu cha kukatia kanda kikakosekana. Nilikukata jicho, Mama Klara. Mtoto mgonjwa, na mimi nikakukata jicho."

"Irudishe," nikamwambia Shomari.

Akamtazama mkuu wake. "Dada Sitara, betri. Tukiirudisha rudisha, Bi Celina hatutamhoji. Sauti haitanasa. Na meli ni saa kumi."

Sitara alikuwa na daftari lake kifuani, lile lililofungisha mtaa mzima. Alilifunga. "Mrudishie," akasema. "Mara atakazotaka. Na kamera izimwe."

Akairudisha. Watu wote wapo, kikohozi. Nikapiga magoti kwenye udongo wa ua, kitenge cha kanisani na yote, nikaweka sikio kwenye mashine. Mara ya pili nikasikia kabla ya kikohozi anavuta pumzi, jinsi alivyokuwa anajitahidi kujizuia, maskini, alijitahidi. Mara ya tatu nikasikia kanga yangu ikimfikia. Sabaha alikuja akapiga magoti kando yangu, akanishika mgongo pale panaponiuma.

Mara ya tano betri zikaanza kuisha. Sauti yangu ikawa inajikokota, nzito kama ya mwanamume mlevi, "Waaatu wooote waaapo," na Onesphory akacheka huku analia. Kisha kikohozi. Lakini nacho kilikuwa kimeshuka. Hakikuwa tena cha mtoto. Kilikuwa kizito, cha kifua kipana, cha mwanamke mzima aliyepigwa na upepo akishona nje asubuhi. Klara angetimiza miaka ishirini na mmoja mwaka huu. Angekuwa barazani na mimi, ananilaumu kwa uzi wa kijani.

Kanda ikakwama.

"Pole, mwanangu," nikasema.